Gramu 53: Kilichomo Ndani ya Mche wa Chokoleti

Niliombwa nizungumzie vitafunwa vitamu na afya. Somo hilo ni pana kuliko saa moja tuliyopewa, na anayelivamia lote kwa mkupuo huishia kukaripia watu badala ya kuwafundisha. Kwa hiyo nitachukua mche mmoja tu wa chokoleti, nisome kilichochapishwa kwenye karatasi yake, kisha nieleze tarakimu hizo zina maana gani zikishaingia mwilini.

Nimechagua Snickers. Kampuni ya familia ya Mars ilianza kuiuza Marekani mwaka 1930, ikaipa jina la farasi wa familia hiyo, na leo utaikuta kwenye supamaketi na kwenye vituo vya mafuta vya miji yetu. Sababu kubwa zaidi ya kuichagua ni karanga zilizomo. Nimewasikia wazazi wengi wakisema, "Ile angalau ni chakula, ina karanga." Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na ukweli huo una kipimo. Kazi yangu leo ni kukitafuta kipimo hicho.

Mche wa kawaida wa Marekani una uzito wa gramu 52.7, tuseme 53. Karatasi yake inataja nishati ya takriban kilokalori 250. Mafuta ni gramu 12, na kati ya hizo gramu 4.5 ni yale mafuta yanayoganda, ambayo madaktari wa moyo huonya juu yake. Wanga ni takriban gramu 33, na ndani ya wanga huo sukari peke yake ni kama gramu 27. Makapimlo, yaani nyuzinyuzi za chakula, ni gramu 1 tu. Protini ni gramu 4.

Hizo kilokalori 250 hazikupatikana kwa kubahatisha, na kila mwanafunzi aliyeko hapa anaweza kuzihakiki kwa penseli. Mwishoni mwa karne ya 19 mkemia Mmarekani, Wilbur Atwater, alipima nishati ambayo mwili wa mtu huipata katika vyakula, na kanuni zake bado tunazitumia: gramu moja ya protini hutoa kilokalori 4, gramu ya wanga 4, gramu ya mafuta 9. Zidisheni. Mafuta gramu 12 ni kilokalori 108. Wanga gramu 33 ni 132. Protini gramu 4 ni 16. Jumla ni 256, na kwa kuwa watengenezaji huruhusiwa kukaribisha tarakimu, wameandika 250. Sasa tazameni sukari: gramu 27 mara 4 ni 108. Sukari na mafuta vinachangia sawasawa, na vikiunganishwa vinabeba zaidi ya asilimia 80 ya nishati yote. Kinachobaki kwa vitu vingine vyote ni kidogo sana.

Hapo ndipo watu wengi husimama. Wanaiona 250, wanatishika au wanaridhika, wanaondoka. Nataka niwaambie mapema ninachokiamini: tarakimu ya kalori, ambayo jicho huikimbilia kwanza, ndiyo inayotueleza kidogo kuliko zote. Za kutazama ni sukari, protini na aina ya mafuta. Na hata hizo zinangoja swali moja ambalo hakuna karatasi inayoweza kulijibu: chokoleti hii imeliwa saa ngapi, na imechukua nafasi ya chakula gani?

Tuanze na sukari, maana ndiyo yenye mengi. Gramu 27 katika gramu 53 ni nusu ya uzito. Ukiukata mche huo katikati, ni kana kwamba upande mmoja wote ni sukari. Kijiko cha chai cha sukari, kikisawazishwa, ni kama gramu 4, kwa hiyo mche mmoja una vijiko karibu saba. Sipendi kutia chumvi, basi niseme pia kwamba gramu mbili hivi kati ya hizo ni sukari ya asili ya maziwa, ambayo haihesabiwi pamoja na sukari iliyoongezwa. Tubaki na gramu 25. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya sharubati ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50 na asilimia 5 ni gramu 25. Mche mmoja umeshafika kwenye kile kiwango bora, na chai ya asubuhi hatujaihesabu. Kwa mtoto wa shule ya msingi anayehitaji kilokalori 1,500, ukomo wa asilimia 10 ni gramu 37 na nusu. Chokoleti moja imechukua theluthi mbili.

Sasa someni orodha ya viambato. Kanuni ya kimataifa ni kwamba vipangwe kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukitarajia sukari ndiyo itaanza, hutaiona mstari wa mbele. Kinachotangulia ni chokoleti ya maziwa. Fungua mabano yake, na neno la kwanza ndani ni sukari. Zinafuata karanga. Kisha shira ya mahindi, ambayo nayo ni sukari. Kisha sukari yenyewe, kwa jina lake. Baadaye mafuta ya mawese, maziwa yaliyoondolewa mafuta, laktosi, chumvi na ute wa yai. Hakuna aliyedanganya hapa, sheria imefuatwa. Lakini sukari iliyogawanywa katika mafungu matatu au manne inaonekana ndogo kuliko ilivyo, na mama anayesoma orodha kwa haraka akiwa na mtoto mkononi ataona maziwa na karanga. Ndiyo maana nasisitiza: msiishie kwenye orodha, nendeni kwenye jedwali la gramu. Na ndani ya jedwali, kama kuna safu ya "kwa gramu 100", tumieni hiyo. Kipimo cha "kwa mlo mmoja" huamuliwa na mtengenezaji au na sheria ya nchi yake, na mche mkubwa wa kugawana huweza kuhesabiwa kuwa milo miwili ilhali mtoto ataumaliza peke yake kabla basi halijafika kituo cha pili. Uingereza, chakula chenye zaidi ya gramu 22.5 za sukari katika gramu 100 hupewa alama nyekundu kwenye utaratibu wao wa rangi. Chokoleti yetu ina zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho.

Twende kwa karanga, kwa sababu niliahidi kipimo. Chukueni gramu 53 za karanga za kukaanga, zile zinazouzwa kwenye vikaratasi vya kusokota. Zina kilokalori kama 300 na mafuta gramu 26. Msishtuke: karanga tupu zina nishati nyingi na mafuta mengi kuliko Snickers ya uzito uleule! Mtu anayehesabu kalori peke yake ataacha karanga achukue chokoleti, na atakuwa amekosea. Katika karanga hizo mna protini gramu 13 hivi, dhidi ya 4. Makapimlo ni zaidi ya gramu 4, dhidi ya 1. Sukari haifiki gramu 3. Mafuta yake kwa sehemu kubwa ni ya majimaji, yasiyoganda, na yanakuja pamoja na magnesiamu, foleti na vitamini za kundi B. Anayekula karanga hushiba na kuendelea na kazi. Anayekula utamu mara nyingi hutafuta kingine baada ya muda mfupi. Sharti langu kwa karanga ni moja, nalo si dogo: ziwe kavu na safi. Karanga zilizoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu hudhuru ini. Karanga chungu au yenye rangi ya ajabu itemeni.

Mtasema nimeilinganisha chokoleti ya kigeni na karanga zetu ili ya kigeni ishindwe. Hapana. Nailinganisha sasa na kashata. Tuchukue kashata ya karanga iliyopikwa kwa sukari na karanga za uzito sawa, kipande cha gramu 50. Gramu 25 za sukari zinatoa kilokalori 100. Gramu 25 za karanga zinatoa kama 140. Jumla 240. Sukari gramu 26, mafuta gramu 12, protini gramu 6 na kidogo. Tazameni tarakimu hizo kwa makini. Kashata ya bibi pale barazani na mche uliotoka kiwandani vimekaribiana kiasi kwamba ukificha majina, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasitasita. Kashata inashinda kwa protini, na mafuta yanayoganda ni machache zaidi, chini ya gramu 2. Kwa sukari hakuna mshindi. Nayasema haya kwa heshima yote kwa wapishi wetu, kwa sababu nimesikia mara nyingi mno kwamba cha asili hakina madhara. Kongosho halijui sukari imepikwa Tanga au imepikwa Marekani. Tofauti iliyotulinda zamani ilikuwa ya desturi: kashata huliwa vipande vidogo, pamoja na kahawa isiyo na sukari, mtu akizungumza na wenzake. Mche wa gramu 53 huliwa wote, upesi, njiani, na mara nyingi unasindikizwa na soda.

Kuhusu chokoleti yenyewe, yaani kakao, kuna habari njema ambayo imetumika vibaya. Wapo ndugu zetu Kyela, mkoani Mbeya, wanaochachusha na kukausha kakao kwa uangalifu mkubwa. Wapo Bundibugyo, Uganda, na Beni, Kongo. Kakao wanayoivuna ni chakula kizito. Unga wa kakao usio na sukari, gramu 100, una protini kama gramu 20, makapimlo zaidi ya gramu 30, magnesiamu karibu miligramu 500, na madini ya chuma kama miligramu 14. Mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali kwamba flavanoli, yaani kemikali za asili zilizomo katika kakao, kwa kiasi cha miligramu 200 kwa siku, husaidia mishipa ya damu kubaki laini. Magazeti yakageuza habari hiyo kuwa "chokoleti ni nzuri kwa moyo". Lakini flavanoli hupungua kakao inapochachushwa na kukaangwa, na hupungua zaidi inaposafishwa kwa magadi ili ipoe ukali. Juu ya hayo, sheria ya Marekani inairuhusu bidhaa kuitwa chokoleti ya maziwa ikiwa na asilimia 10 tu ya kakao iliyosagwa. Hata kama nusu ya mche wetu ingekuwa chokoleti tupu, sheria ingeridhika na gramu zisizofika 3 za kakao hiyo. Faida ya kakao ni ya kakao. Ukiitaka, kunywa kakao yenyewe, na sukari uipime kwa mkono wako.

Kuna jambo la joto pia, linalotuhusu sisi wa pwani. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi za Selsiasi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana chokoleti halisi hulainika mdomoni, na ndiyo maana huharibika dukani kwetu. Ili bidhaa isiyeyuke na iwe rahisi, watengenezaji wengine huiondoa siagi ya kakao na kuweka mafuta ya kiini cha mbegu ya mchikichi. Siagi ya kakao nayo inaganda, lakini theluthi yake hivi ni aina ambayo haipandishi lehemu mbaya katika damu. Mafuta ya kiini cha mchikichi yana zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yanayoganda, na sehemu kubwa ni aina inayoipandisha. Kwa hiyo ile "chokoleti" ya bei ndogo inayovumilia jua la mchana bila kulainika, isomeni karatasi yake mara mbili.

Nimekwisha kusema mengi dhidi ya kitu hiki, na haki inataka niseme kinafaa wapi. Kazi ya asili ya mche wa chokoleti ni kubeba nishati nyingi katika uzito mdogo. Mwaka 1937 jeshi la Marekani lilimtuma Kapteni Paul Logan kwa kampuni ya Hershey kuagiza chokoleti ya dharura: aunsi nne, kama gramu 113, isiyoyeyuka kwenye joto, yenye kilokalori 600, na isiyo tamu sana, ili askari asiimalize kabla ya dharura yenyewe. Waliojenga kitu kile walijua utamu hufanya nini kwa mtu. Hata leo, mpandaji wa Kilimanjaro aliyekosa hamu ya kula kwa sababu ya kimo ana haki ya kuwa na chokoleti mfukoni. Mwili wake unaunguza nishati kwa saa nyingi na sahani ya ugali hawezi kuimaliza.

Tena kuna mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 1996 daktari André Briend na Michel Lescanne, wote Wafaransa, walitengeneza Plumpy'Nut, chakula dawa kinachotolewa kwa watoto wenye utapiamlo mkali. Viambato vyake ni siagi ya karanga, unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini. Sikilizeni orodha hiyo tena: karanga, maziwa, sukari, mafuta. Ni ukoo mmoja na Snickers! Lakini pakiti moja ya gramu 92, yenye kilokalori 500, ina protini kama gramu 13, na vitamini na madini vimepimwa kwa ajili ya mtoto anayejengwa upya. Ukitafuta kilokalori hizo 500 katika chokoleti utahitaji miche miwili, na utapata protini gramu 8 na sukari gramu 54. Nasema haya kwa sababu nimeona chokoleti ikipelekwa wodini kama zawadi kwa mtoto dhaifu, kwa upendo, na kipande hicho kidogo kikazima hamu ya uji uliokuwa umwokoe. Tumbo la mtoto ni dogo. Kila kinachoingia kimezuia kingine.

Nimebakiza mambo mawili ambayo jedwali la karatasi haliyataji kabisa. La kwanza ni meno. Tunachokijua kuhusu vitamu na meno kina gharama ya watu, na gharama hiyo lazima itajwe. Katika hospitali ya Vipeholm, mjini Lund, Sweden, walikuwa wakitunzwa watu wenye ulemavu wa akili. Kuanzia mwaka 1945 walifanyiwa majaribio ya vyakula bila ridhaa yao. Kundi moja lilipewa sukari pamoja na mlo. Jingine mkate mtamu. Mengine chokoleti, karameli, na tofi za kunata, hadi 24 kwa siku, kati ya mlo na mlo. Meno ya wengi yaliharibiwa kabisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954: sukari iliyoliwa pamoja na mlo, hata ikiwa nyingi, ilitoboa meno kidogo tu, vitamu vya kunata vilivyoliwa kutwa kucha kati ya milo viliyatoboa vibaya. Waswidi wakajijengea desturi ya kuwapa watoto pipi siku ya Jumamosi tu, na desturi hiyo ipo hadi leo. Watu wale hawakuombwa ruhusa na hawakulipwa chochote. Angalau tusiache kutumia walichotufundisha. Bakteria wa mdomoni huigeuza sukari kuwa asidi, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kuiondoa. Karameli inayonata kwenye magego huirefusha nusu saa hiyo. Kwa hiyo mzazi anayempa mtoto chokoleti nzima baada ya chakula cha mchana siku moja ya wiki anayatendea meno yake vizuri kuliko anayempa kipande kidogo kila baada ya saa mbili, ingawa sukari ya jumla ni ileile.

La pili linawahusu ndugu zetu wenye kisukari, na nawaomba mliandike. Mgonjwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge huweza kushukiwa na sukari: anatetemeka, anatoka jasho, maneno yanapotea. Watu wa nyumbani, kwa nia njema, humpa chokoleti kwa kuwa ina sukari nyingi. Ina sukari, ndiyo, lakini yale mafuta gramu 12 huchelewesha tumbo kuiachia, na mgonjwa hana muda wa kungoja. Mpeni sukari isiyo na mafuta, gramu 15: vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Ngojeni dakika 15, mpimeni tena. Ikiwa sukari ya damu bado iko chini ya milimoli 3.9 kwa lita, rudieni. Akiwa amezimia msimtie chochote mdomoni. Mpelekeni hospitali mara moja. Akishazinduka vizuri na mlo wake bado uko mbali, ndipo apewe kitu cha kuishikilia ile sukari isishuke tena: mkate na siagi ya karanga, au ndizi na karanga mkononi.